Chakula cha Kale Katika Nyumba za Leo

Historia ya chakula cha wanadamu huandikwa aghalabu kama safari ya kwenda mbele. Mtu alitoka katika kuwinda na kuchimba mizizi, akafika katika kulima. Akatoka katika kutwanga kwa kinu na mchi, akafika katika kusaga kwa mashine. Akatoka katika kupika kila siku, akafika katika kufungua kopo. Katika kila hatua alihesabiwa kuwa amepata faida, na faida alipata kweli, kwa kuwa njaa ilipungua na kazi ya mikono ikawa nyepesi. Lakini mwanzoni mwa karne ya 21 familia nyingi za Marekani, na baadaye za Ulaya na Australia, zilishika njia ya kurudi nyuma. Ziliondoa mkate, sukari na mafuta ya viwandani katika makabati yao, zikaweka mahali pake nyama, samaki, mayai, mboga, matunda na lozi. Zilisema kwamba zinarudi katika chakula cha wahenga walioishi kabla ya jembe kubuniwa. Wengi waliwacheka, na wengi waliwasifu. Walakini swali lililostahili kuulizwa kabla ya kicheko na kabla ya sifa ni hili: familia hizo zilirudi katika kitu gani hasa?

Ili kurudi kueleweke, hapana budi kuondoka kuelezwe kwanza. Kwa maelfu ya miaka nafaka ilisagwa kwa mawe. Jiwe haliwezi kutenga kiini cha punje na wanga wake, kwa hiyo unga wa kale ulikuwa na kiini, mafuta na pumba ndani yake. Na kwa sababu ya mafuta hayo uliharibika upesi. Katika miaka ya 1870 na 1880 vinu vya magurudumu ya chuma vilienea kutoka Budapest hata Minneapolis. Vinu hivyo viliweza kutenga pumba na kiini, na kubakiza wanga mweupe peke yake. Unga huo ulikaa ghalani miezi mingi, ulisafirishwa mbali, uliuzwa kwa bei nafuu, na maskini akaweza kula mkate mweupe kama wa tajiri. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa, maana tofauti ya dona na sembe anaijua kwa mkono na kwa ulimi.

Hasara ya weupe huo ilionekana kwanza katika mchele. Huko Java, katika miaka ya 1890, tabibu Mholanzi aliyeitwa Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakilegea miguu kwa ugonjwa uliofanana na beriberi ya watu. Walipolishwa mchele wenye ganda lake jembamba la ndani, walipona. Kilichokuwa kikitupwa kwa jina la takataka kilikuwa ndicho kinga ya mwili. Elimu ya vitamini ilipata mwanzo wake katika banda hilo la kuku, na Eijkman alishiriki tuzo ya Nobel mwaka wa 1929.

Pamoja na unga mweupe ilikuja sukari. Uingereza ilifuta ushuru wa sukari mwaka wa 1874, na kitu kilichokuwa zamani anasa ya wakuu kikawa nguvu ya bei rahisi ya watu wa viwandani, katika chai yao na katika jamu ya mkate wao. Mwaka wa 1911 mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa ufundi wa kemia yalianza kuuzwa Marekani mahali pa mafuta ya nguruwe na siagi. Yalisifiwa kwa usafi na kwa kutooza. Ilichukua zaidi ya karne moja kabla serikali ya nchi hiyo haijaamua, mwaka wa 2015, kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu kwa namna hiyo yaondolewe katika vyakula kwa kuwa yanadhuru moyo.

Hivyo ndivyo nyumba ya kizungu ilivyoondoka katika chakula cha kale. Haikuondoka kwa siku moja, wala hakuna baba au mama aliyekata shauri kuondoka. Kila kizazi kilipokea kitu kimoja kilichokuwa rahisi kuliko cha jana.

Mashahidi wa kwanza wa hasara hiyo walikuwa wachache, na kila mmoja alitoka mahali pake. Mwaka wa 1863 William Banting wa London, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia mazishi ya watu wakubwa, alichapisha barua juu ya unene. Alikuwa amenenepa hata kushindwa kuinama kufunga viatu vyake. Kwa shauri la daktari wake aliacha mkate, sukari, bia na viazi, akala zaidi nyama, samaki na mboga, akapungua. Barua yake ilisomwa sana hata jina lake likawa kitenzi katika Kiingereza, kwa maana ya kujipunguza kwa chakula.

Shahidi wa pili alitoka katika barafu. Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyezaliwa Kanada, alikaa miaka mingi pamoja na Wainuit wa kaskazini akila nyama na samaki kama wao. Waganga hawakuamini kwamba mtu anaweza kuishi hivyo bila ya kuumia. Mwaka wa 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen waliingia katika hospitali ya Bellevue, New York, wakaangaliwa na madaktari huku wakila nyama tupu kwa muda wa mwaka mmoja. Mwanzoni Stefansson alipopewa nyama isiyo na mafuta aliugua. Alipopewa nyama na mafuta yake alipata nafuu. Mwaka ulipokwisha wote wawili walionekana wazima.

Shahidi wa tatu yu karibu zaidi. Mwaka wa 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya afya ya Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Waliandika kwamba mwanamume wa Kimasai, aliyelelewa kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwanamume wa Kikikuyu, aliyelelewa kwa nafaka, mizizi na matunda, kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Walakini kila kabila lilikuwa na maradhi yake. Tena mizani ya wachunguzi hao ilipima sahani kuliko shamba. Kwa maana Wakikuyu wa siku zile walikuwa wamenyang'anywa sehemu ya ardhi yao na walowezi, na mtu asiye na ardhi hali akipendacho, hula akipatacho. Jambo hili ni la kukumbukwa kila inaposemwa kwamba afya ya watu ni hiari yao.

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 daktari wa meno wa Cleveland, Marekani, jina lake Weston Price, alisafiri na mkewe katika mabonde ya Uswisi, visiwa vya Scotland, Alaska, bahari ya Pasifiki, Afrika Mashariki, Australia na Peru. Alitazama vinywa na kupiga picha. Kila alipokwenda alisema ameona jambo moja: waliokula chakula cha nchi yao walikuwa na meno mazuri, na jamaa zao waliokwisha kuzoea unga mweupe, sukari na vyakula vya makopo walikuwa na meno mabovu. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1939. Wenye elimu walimlaumu kwa haki, kwa kuwa alikaa siku chache mahali pengi na hakupima umaskini, maradhi wala mambo mengine yaliyofuatana na unga huo. Lakini picha zake zilibaki, na familia zilizokuja kurudi nyuma miaka 70 baadaye zilizitazama kwa mshangao.

Baada ya vita ya pili ya dunia ushahidi uliendelea. Hugh Trowell na Denis Burkitt, waganga wawili waliofanya kazi Uganda, waliona kwamba maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile kufunga choo kwa muda mrefu na maradhi ya utumbo mpana, yalikuwa haba katika vijiji walivyovijua. Walitia mkazo juu ya nyuzinyuzi za chakula, yaani ile pumba iliyotupwa na kinu cha chuma. Na T. L. Cleave, tabibu wa jeshi la maji la Uingereza, alikusanya kisukari, kuoza meno na maradhi ya moyo katika fungu moja, akalaumu sukari na unga mweupe.

Mashahidi hawa wakikutanishwa katika baraza moja hawatakubaliana juu ya sahani. Banting atataka nyama na kidogo cha mvinyo. Stefansson nyama na mafuta yake. Price atatoa mkate wa shayiri nyeusi na jibini ya Uswisi, uji wa shayiri na samaki wa Scotland, na maziwa ya Wamasai. Burkitt atasifu ndizi, viazi na maharage. Kitu kimoja tu hawatagombana juu yake, nacho ni kile kisichokuwamo katika sahani zote hizo.

Mwaka wa 1982 kurudi kulijaribiwa kwa vitendo. Kerin O'Dea, mwanamke mwenye elimu ya chakula na mwili, aliandamana na watu 10 wenye kisukari, wenyeji wa asili wa Australia waliokaa karibu na mji wa Derby upande wa magharibi. Kwa muda wa wiki 7 watu hao walirudi katika nchi ya wazazi wao, wakaishi kwa kuwinda, kuvua na kuchimba viazi mwitu. Ujuzi wa kuyafanya hayo ulikuwa wao; mchunguzi alikuja na mizani. Walipungua kilo 8 kwa wastani, na sukari ya damu yao ilishuka sana, hata ikakaribia hali ya watu wazima. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1984. Ni kweli kwamba walikula kidogo na kutembea sana, kwa hiyo haijulikani ni fungu gani la nafuu lilitoka katika nyama na lipi lilitoka katika miguu. Lakini hakuna aliyeweza kusema tena kwamba mwili ulioharibiwa na chakula kigeni hausikii ukirudishiwa chake.

Januari 1985 S. Boyd Eaton na Melvin Konner, wa Chuo Kikuu cha Emory, walitoa makala katika jarida kubwa la tiba la Marekani juu ya lishe ya Zama za Mawe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kusikika: mwili wa mtu uliumbika katika maisha ya kuwinda na kuchuma, na miaka 10,000 ya kilimo ni michache kuubadili, basi maradhi mengi ya mjini ni ugomvi baina ya mwili wa kale na chakula kipya. Mwaka wa 2002 Loren Cordain wa Colorado aliigeuza hoja hiyo kuwa sheria ya jikoni, akakataza nafaka, jamii ya maharage, maziwa na chumvi. Mwaka wa 2009 Mark Sisson, aliyekuwa zamani mkimbiaji wa mbio ndefu, alitoa sheria laini zaidi: maziwa yenye mafuta yaliruhusiwa, pia chokoleti nyeusi na mvinyo kidogo, na mtu aliyeshika mafundisho mara 80 katika 100 hakuhesabiwa kuwa ameasi.

Maneno hayo yaliangukia udongo uliokwisha kulimwa. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoa mwaka wa 1992 picha ya chakula yenye umbo la piramidi, na chini kabisa, mahali pa msingi, paliwekwa mkate, nafaka, wali na tambi, mafungu 6 hata 11 kwa siku. Watu walitii kwa namna yao: waliogopa mafuta, wakanunua biskuti zisizo na mafuta zilizojaa sukari. Unene na kisukari viliongezeka. Umbo la piramidi liliachwa mwaka wa 2011 na picha ya sahani ikawekwa mahali pake, na mwaka wa 2015 kipimo cha zamani kilichowatisha watu wasile mayai kiliachwa. Mama aliyefuata ushauri wa mwanzo kwa uaminifu, kisha akaona ushauri umegeuka, hakukosa sababu ya kutafuta mwalimu mwingine.

Na ichukuliwe kwa mfano nyumba moja ya wakati huo, yenye baba, mama na watoto, bila ya kutajwa jina. Nyumba kama hiyo aghalabu haikuanza na falsafa ya mapango. Ilianza na ugonjwa au hofu: sukari ya damu ya baba iliyopanda, tumbo la mtoto lisilotulia, uchovu wa mama usiokwisha. Hatua ya kwanza ilikuwa kuacha soda na nafaka tamu za asubuhi; mayai yakachukua mahali pao. Hatua ya pili ilikuwa mafuta ya kukaangia, siagi ikarudi mezani. Mkate na tambi vilifuata baadaye, tena kwa shida, maana mkate si chakula tu, ni desturi. Mwisho zikaja siku ngumu kuliko zote: chakula cha mchana cha shuleni, keki ya siku ya kuzaliwa, na karamu ya Novemba kwa bibi, ambapo kukataa chakula ni kumkataa mpishi.

Wenye haraka walimwaga kila kitu kwa siku moja, wakarudi dukani baada ya wiki mbili. Wenye taratibu walimaliza kilichokuwamo kabatini bila ya kununua kingine, wakaacha ulimi wa watoto ujifunze. Nyumba ilikuwa imeondoka katika chakula cha kale kitu kimoja kimoja, na njia ya kurudi haikuwa fupi kuliko ya kwenda. Ile ruhusa ya mara 20 katika 100, ambayo wakali waliiona udhaifu, ndiyo iliyoweka amani mezani, kwa kuwa ilimwachia bibi keki yake.

Gharama nayo ilikuwapo. Nyama ya ng'ombe aliyelishwa majani huzidi bei mkate na tambi mara nyingi. Tena chakula cha kiwandani kilikuwa kimempunguzia mama saa za jikoni, na kila sahani iliyorudi katika hali yake ya asili ilirudi pamoja na kazi yake: kumenya, kukata, kuchemsha, kuosha. Nyumba ambamo kazi hiyo iliachiwa mtu mmoja ilimnunulia baba afya kwa uchovu wa mama. Hili halikuandikwa sana katika vitabu vya mafundisho hayo, ingawa ndilo lililoamua nyumba ipi itaendelea na ipi itaacha.

Je, kilichorudiwa kilikuwa chakula cha wahenga? Elimu ya mambo ya kale inajibu kwa uangalifu. Katika pango la Ngalue, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, mawe ya kazi ya miaka ipatayo 105,000 iliyopita yalikutwa na wanga wa mtama mwitu. Katika kambi ya Ohalo, kando ya ziwa la Galilaya, watu wa miaka 23,000 iliyopita walikusanya shayiri na ngano za mwitu na kuzisaga. Basi nafaka haikuwa ngeni kabisa kwa mtu wa Zama za Mawe. Wala mwili haukusimama: mwaka wa 2007 ilitangazwa kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko ya urithi yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa, na mabadiliko hayo yametokea katika miaka elfu chache tu iliyopita, baada ya ng'ombe kufugwa. Na utafiti mwingi unaendelea kuonyesha kwamba maharage na nafaka isiyokobolewa huufaa moyo, ilhali mafuta mengi ya wanyama bado yanaonywa na waganga.

Kwa hiyo wale waliosema wamerudi pangoni hawakurudi huko. Lakini walipata nafuu iliyo kweli kwa sababu nyingine, iliyopimwa wazi mwaka wa 2019. Kevin Hall na wenzake, katika taasisi za afya za taifa la Marekani, waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi, wakawapa chakula cha kiwandani kwa wiki mbili na chakula kisichoharibiwa kwa wiki mbili, vyote vikiwa na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawasawa, kila mtu ale atakavyo. Katika chakula cha kiwandani walikula kalori zipatazo 500 zaidi kwa siku, wakanenepa. Katika kile kingine walipungua. Hapo hapakuwa na sheria ya wahenga, wala katazo la maharage.

Jambo hili lina maana kubwa kwa nyumba isiyo na fedha. Ikiwa faida imo katika nyama ya bei kubwa na jina la Zama za Mawe, basi ni mali ya wachache. Ikiwa imo katika chakula ambacho hakikuharibiwa, basi imo pia katika dona, kunde, mchicha, dagaa, viazi vitamu na maziwa ya mtindi, vitu ambavyo mjini huanza kuonewa haya na watu waliokwisha kupata kidogo.

Kando ya ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wako Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa asali, ubuyu, matunda ya mwitu, viazi vya porini na nyama ya kuwinda. Wachunguzi wa lishe huwaendea kutoka mbali, na jina lao hutajwa katika vitabu vinavyosomwa California. Nchi yao imepungua kwa mashamba na mifugo ya wengine, ingawa mwaka wa 2011 jamii ya bonde la Yaeda ilipata hati ya kimila ya sehemu ya ardhi yake. Unga wa mahindi umekwisha kuingia katika kambi nyingi, maana mnyama akikimbia na mti ukikatwa, watoto hawana budi kula. Basi katika miaka ileile ambayo familia za Marekani zilikuwa zikiutoa unga nyumbani kidogo kidogo kwa hiari, wenye chakula cha kale wenyewe walikuwa wakiupokea kidogo kidogo kwa lazima. Wa kwanza walikuwa na duka la kuchagulia. Wa pili walihitaji pori, na pori halinunuliwi dukani.